Bolti ya Hedi Iliyokatika Ndani ya Injini

Motokaa si kitu kigeni tena katika vijiji vya Kilosa. Lipo lori la chama cha wakulima, lipo gari la zahanati au la shule, lipo basi dogo litokalo Mikumi alfajiri na abiria na vikapu vyao. Wengi wa wasomaji wetu, wenyeviti wa vijiji, walimu na watunza hazina, si mafundi wa mitambo. Lakini siku gari likiharibika wao ndio waitwao kutoa ruhusa na fedha. Fundi huja, mikono imejaa oili, akasema, "Mzee, bolti ya hedi imekatika." Hapo mzee hajui kama ameletewa habari ya gharama ndogo au ya injini nzima kutupwa. Kwa kweli yaweza kuwa mojawapo ya hayo mawili, na aghalabu tofauti haitoki katika bolti yenyewe, bali katika yale yatakayofanywa baada ya kukatika kwake. Kwa hiyo yafaa hata asiyeshika spana aelewe jambo hili.

Injini imejengwa kwa vipande viwili vikubwa. Cha chini huitwa bloki, nacho kina silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Cha juu ni kifuniko chake, ndicho mafundi wakiitacho hedi. Kati ya viwili hivyo hulazwa gasketi, nayo ni nyembamba, kazi yake ni kutenga vitu vitatu visikutane: moto wa silinda, maji ya kupoza, na oili. Kinachoibana gasketi hiyo ni bolti za hedi, wala hakuna kingine. Injini ya silinda nne aghalabu ina bolti kumi. Ya silinda sita ina zaidi.

Labda msomaji atauliza, bolti moja katika kumi ni kitu gani? Na tufanye hesabu, maana walimu wataweza kuitumia hata darasani. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyomo katika Land Cruiser nyingi za nchi hii, ina silinda yenye upana wa milimita 94. Eneo la pistoni yake basi ni sentimita za mraba 69 na kidogo. Tuseme dizeli inapowaka husukuma kwa nguvu ya kilo 80 juu ya kila sentimita ya mraba. 69 mara 80 ni kilo 5,520, yaani zaidi ya tani tano na nusu, zikitaka kuinua hedi iondoke mahali pake. Na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda hupata pigo hilo mara 1,000 katika dakika hiyo moja. Bolti moja ikikosekana, majirani zake hubeba mzigo wake, na pale palipo wazi gasketi huanza kupumua.

Tena yafaa kujua kwamba bolti ya hedi haishiki kama msumari ushikavyo ubao. Hukazwa mpaka ikavutika kidogo sana, kama mpira uvutwao, na ule mvuto wake wa kutaka kurudi ndio uibanao hedi. Katika injini nyingi za siku hizi hukazwa hata ikapita kiasi cha kurudi sawasawa. Baada ya kufunguliwa huwa imerefuka, nayo haifai kurudishwa tena. Watu wengi huirudisha. Ni chuma kile kile, husema, nacho hakina ufa. Ufa hauonekani kwa macho mpaka siku ya pili ya kukazwa.

Sababu nyingine ni kutu. Katika injini kadha wa kadha bolti hupita karibu na njia za maji, na mwenye gari anayejaza rejeta kwa maji ya mto au ya kisima chenye chumvi, mwaka baada ya mwaka, bila ya dawa ya kuzuia kutu, huila bolti yake polepole. Sababu ya tatu ni joto. Magari yatokayo Mikumi kwenda Iringa hupita Ruaha Mbuyuni, kisha hupanda mlima Kitonga, na wakati wa joto, gari likiwa limejaa mzigo, mlima ule huujaribu mtambo kuliko safari yote ya kutoka pwani. Ikiwa hedi ni ya aluminiamu na bolti ni za chuma, basi kumbuka kwamba kwa joto lile lile aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Maji yakipungua na hedi ikapata moto kupita kiasi, hedi hutaka kunenepa wakati bolti haitaki kurefuka vya kutosha. Ama bolti huvutwa hata ikalegea, ama gasketi hupondwa, ama bolti iliyokwisha kuliwa na kutu hukatika.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, bolti nyingi hazikatiki barabarani. Hukatika mkononi mwa mtu, anapofungua injini ingali na moto, au anapokaza kwa bomba refu lililochomekwa katika mpini wa spana huku akisema, "Bado kidogo." Bolti iliyokatika yenyewe gari likienda ni habari nyingine, nayo yataka hedi na bloki vichunguzwe kwa uangalifu zaidi, maana haikosi sababu.

Dalili za hedi iliyoacha kubana ni hizi. Maji hupungua katika rejeta wala huoni mahali yanapovuja. Mapovu hupanda ndani ya rejeta injini ikinguruma. Moshi mweupe hutoka wala haukomi injini ikisha pata moto. Oili katika kijiti cha kupimia hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Mshale wa joto hupanda, na pengine, jambo linalowadanganya madereva wengi, hupanda kisha ukashuka ghafula wakati injini ingali inaungua. Hiyo ni kwa sababu maji yamekwisha na kile kipimo kinaning'inia katika hewa tu. Dereva akifurahi kwamba mtambo umepoa, baada ya kilometa chache hana mtambo.

Akiona dalili hizo na asimame, azime. Ikiwa yumo ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyotengwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu yaikata kwa masafa ya kilometa 50 hivi, asishuke ovyo kutafuta maji wala kuwatuma abiria kichakani; tembo, nyati na simba wa mahali pale hawajui kwamba gari limeharibika. Akae ndani, awashe taa za hatari, apige simu au aombe gari jingine limvute mpaka mjini Mikumi. Wala asifungue kifuniko cha rejeta kwa haraka. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi pwani, na pungufu kidogo huko juu Iringa; lakini ndani ya rejeta iliyofungwa yaweza kupita 110 bila ya kuchemka, kwa kuwa yamebanwa. Kifuniko kikilegezwa hulipuka mara moja kuwa mvuke usoni mwa mtu. Kuvutwa kwa kamba si aibu. Kuendesha mpaka Kilosa kwa kumimina ndoo ya maji kila kilometa tano ndiyo aibu, maana hedi iliyopinda haijui kwamba ilibaki kidogo kufika.

Sasa tuje katika kazi yenyewe. Injini na ilale usiku kucha ipoe kabisa. Bolti hulegezwa kwa utaratibu, kutoka miisho kuelekea kati, kila moja nusu duara kwanza, kisha zote hurudiwa. Hedi ikiachiliwa upande mmoja tu hupinda. Mahali bolti ilipokatika, hedi huinuliwa kwa kuipitisha juu ya kisiki, ikiwa kimetokeza. Ndipo fundi na mwenye gari wasimame pamoja wakitazame kisiki hicho kabla ya mtu yeyote kushika nyundo.

Twasema wakitazame kwa sababu kisiki husema namna kilivyokatika. Ikiwa bolti ilikatika kwa kuvutwa, huwa imekonda shingoni kama kamba iliyovutwa hata ikakatika, na mara nyingi kisiki chake hakikuganda kabisa. Kilichokuwa kikikikaza ni ule mvuto, nao umekwisha. Kisiki cha namna hiyo huweza kutoka kwa kusukumwa pole pole ukingoni kwa ncha ya tindo, kinyume cha kukaza, hata pengine kwa vidole. Mafundi wenye pupa hukimbilia keekee mara moja, wakatoboa na kuharibu kitu ambacho kingetoka kwa dakika tano. Lakini kikiwa na rangi nyekundu na vumbi la kutu, hicho kimeoana na bloki, nacho chataka subira.

Subira hiyo ni mafuta mepesi ya kupenya kutu, yakidondoshwa jioni na kuachwa mpaka asubuhi, na kugongwa kwa nyundo ndogo juu ya kisiki, si kwa nguvu bali mara nyingi, ili kutu ivunjike na mafuta yapate njia. Kikiwa kimetokeza sentimita moja au zaidi, nati mbili hufungwa juu yake zikakazana, kisha ile ya chini hugeuzwa kwa spana. Kikitokeza kidogo tu, nati huwekwa juu yake na kuchomelewa kwa umeme ndani ya tundu la nati. Njia hii twaisifu kuliko zote, kwa sababu haileti tu mahali pa kushika. Joto la kuchomelea hukitanua kisiki ghafula na likavunja kutu pande zote. Ikiachwa ipoe kidogo, nati hugeuzwa robo ya duara mbele, robo nyuma, mbele tena, kama mtu atoaye kigingi ardhini. Kwanza waya za betri ziondolewe, hasa katika magari yenye kompyuta, na silinda zote zifunikwe kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ili cheche zisianguke ndani.

Kisiki kilichokatikia ndani, chini ya uso wa bloki, ndicho kigumu. Hapana budi kukitoboa katikati, na neno lililo kubwa hapo ni katikati. Ncha ya keekee hupenda kuteleza kutoka chuma kigumu kwenda chuma laini. Ikiwa bloki ni ya aluminiamu itakimbilia huko, na hesi za bloki zitakwisha kabla ya kisiki kuguswa. Kwa hiyo fundi mwema huenda kwa mkereza vyuma akafanyiwa bomba dogo la chuma linaloingia sawasawa katika tundu la bolti, lenye tundu jembamba katikati. Bomba hilo huiongoza keekee isiweze kwenda kando. Huanza kwa ncha nyembamba ya milimita tatu, kisha huongeza. Zikipatikana ncha zilizochongwa kuzunguka kushoto ni bora zaidi, kwa kuwa huku zikitoboa huwa zinafungua, na mara nyingi kisiki hutoka chenyewe kabla kazi haijafika nusu.

Kuna chombo kingine kiuzwacho madukani kwa kazi hii, kijiti kilichosokotwa kinyume ambacho hugongelewa katika tundu lililotobolewa kisha hugeuzwa. Mafundi wengine hukiita ekstrakta. Twawaonya wasomaji juu yake. Kimetengenezwa kwa chuma kigumu sana, na kwa sababu ya ugumu huo hukatika kama kioo. Kikikatikia ndani ya kisiki, keekee ya kijijini haiwezi kukitoboa tena, na gari sasa lina visiki viwili, kimoja ndani ya kingine. Hapo ndipo gharama ndogo huwa gharama ya bloki. Ikiwa kisiki hakikutikisika kwa mafuta, kwa nyundo wala kwa joto, chombo hicho hakitakitoa. Bora bloki ipelekwe mahali penye mashine ya kukereza na kutoboa iliyosimama imara. Mjini Mikumi kipo chuo cha ufundi cha VETA, na Morogoro ziko karakana za kukereza. Pa kuulizia si mbali.

Pengine kilichokatika si bolti bali ni hesi za bloki. Bolti huzunguka tu bila ya kukaza, au hutoka na vipande vya aluminiamu vilivyoshikamana nayo. Injini ya petroli ya Toyota iitwayo 2AZ-FE, iliyomo katika baadhi ya Harrier, RAV4 na Alphard za miaka ya mwanzo ya karne hii, yajulikana kwa ugonjwa huo, hasa bolti za upande wa nyuma. Dawa yake ni kupanua tundu, kulikata hesi mpya kwa tepu, na kutia ndani kibomba cha chuma chenye hesi nje na ndani. Kikitiwa vizuri huwa na nguvu kuliko aluminiamu ya kwanza. Gundi, ya aina yoyote, si dawa.

Kisiki kikisha toka, watu hushangilia na kutaka kufunga. Hapa pana hatari iliyopasua bloki nyingi, na wachache huitaja. Matundu mengi ya bolti hayatokezi upande wa pili. Ni kama visima vidogo. Hedi inapoinuliwa, maji na oili huteremka na kujaa humo. Fundi asipoyatoa, akaingiza bolti na kuikaza, bolti hiyo huwa pistoni juu ya maji yasiyo na njia ya kutoka, na maji hayapondeki. Mvuto wa bolti ni wa tani kadhaa, nao wote huangukia kitako cha tundu. Bloki hupasuka pale chini, mahali macho hayafiki, na ufa huonekana baada ya wiki, maji yakianza kupotea tena. Hata isipopasuka, spana itaonyesha kwamba bolti imekaza kumbe inakaza maji. Basi kila tundu lifyonzwe kwa kitambaa kilichozungushiwa waya, lipulizwe kwa pampu, macho yakiwa yamefunikwa, kisha lisafishwe hesi zake. Tepu mpya yenye makali yaweza kupunguza hesi. Ni afadhali bolti ya zamani iliyo nzima, iliyochanjwa mifereji miwili kwa tupa ubavuni mwake, ikiingizwa na kutolewa kwa mkono. Uchafu hukusanyika katika mifereji hiyo.

Hedi yenyewe ilazwe chini ya rula ya chuma iliyonyooka, nacho kipimo cha mabati membamba kipitishwe chini yake, kwa urefu, kwa upana na kutoka pembe hata pembe. Kila injini ina mpaka wake kitabuni, na kwa hedi nyingi za aluminiamu mpaka huo haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikizidi, isawazishwe kwa mashine. Hedi iliyopinda ikikazwa kwa bolti mpya huzivuta bolti hizo zisipostahili, na kazi yote hurudi mwanzo.

Bolti zinunuliwe seti nzima pamoja na gasketi, isiwe ile moja iliyokatika tu, maana tisa zilizobaki ziliteseka pamoja nayo. Mtu akitumwa Dar es Salaam katika maduka ya vipuri ya Kariakoo aende na namba ya injini iliyoandikwa na bolti moja nzima ya kulinganishia urefu, unene na hesi. Safari hiyo imekuwa nyepesi tangu 2024, treni za reli mpya zilipoanza kuchukua abiria, nazo hupita Kilosa, hata mtu aweza kurudi na mzigo wake bila ya kulala njiani siku nyingi.

Kukaza huanza kati na kwenda miisho, kinyume cha kufungua, kwa zamu tatu au zaidi, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kipimo kiwe kile kilichoandikwa kwa injini hiyo, si kile fundi akikumbukacho kutoka injini ya jirani. Hesi na chini ya kichwa cha bolti hupakwa oili kidogo ikiwa kitabu chasema hivyo, kwa kuwa bolti kavu hula nguvu kwa kusuguana na hedi haipati kubanwa. Injini nyingi hutaka mwisho wake bolti igeuzwe nyuzi 90 zaidi. Fundi apake doa la rangi juu ya kila kichwa, madoa yote yakielekea upande mmoja, ndipo kila mtu, hata mwenyekiti asiye fundi, aweza kuona kwa macho yake kama lipo lililosahauliwa.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye gari na aulize mambo machache bila ya haya. Kisiki kiko wapi, nikione? Matundu yamekaushwa kwa njia gani? Hedi imepimwa na nani? Spana ya kipimo iko wapi, ni ya kuazima au ipo hapa? Fundi mwema hachukizwi na maswali hayo. Hufurahi kwamba kazi yake ina mtu wa kuiona. Akijibiwa kwamba bolti ile moja si lazima, injini itakwenda na tisa, au kwamba ya zamani imekatwa ikafupishwa ipate kukaza juu ya kisiki kilichobaki, asitoe hata senti. Bolti iliyofupishwa hushika hesi mbili tatu za juu tu, na tani zile tulizozihesabu zitazing'oa.

Siku ya kwanza gari liende mwendo mfupi, bila ya mzigo, kisha lilale. Asubuhi, injini ikiwa baridi, maji yatazamwe na oili itazamwe. Gasketi za kizamani hutaka bolti zikazwe mara ya pili baada ya safari hiyo. Nyingi za siku hizi hazitaki, nazo zikikazwa tena huharibika, kwa hiyo kitabu kifuatwe. Bolti za zamani zirudishwe kwa mwenye gari pamoja na kisiki. Ile iliyochanjwa mifereji itiwe katika sanduku la spana pamoja na karatasi yenye tarehe, kilometa za gari siku ile, na kipimo kilichotumika.